Dhamana ya Tabibu: Somo kwa Anayevaa Koti Jeupe kwa Mara ya Kwanza



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu, wahariri waliniomba niandike kuhusu changamoto za mwanafunzi wa udaktari. Nilianza mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta naandika mnayoyajua tayari: usingizi haba, vitabu vizito, posho isiyofika mwisho wa mwezi, Swala wakati wa upasuaji mrefu, dada zetu na hijabu ndani ya chumba cha upasuaji. Hayo yana darsa lake na mashekhe wetu wameyazungumza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nimeamua kuandika jambo moja tu lililonipata, pamoja na hukumu niliyolazimika kwenda kuisoma kwa sababu yake.

Usiku wa gade

Nilikuwa katika mwaka wa mafunzo ya kazi, ule wa intanshipu ambao mhitimu wa udaktari hapa Rwanda huupitia kabla ya kupata leseni kamili kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Unazungushwa katika idara kubwa: magonjwa ya watu wazima, watoto, upasuaji, uzazi. Mimi nilikuwa uzazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, na usiku huo nilikuwa gade. Wasio wa fani yetu wajue kwamba gade ni zamu ya usiku. Neno tulilirithi kutoka Kifaransa na halijaondoka hata baada ya masomo kuhamia Kiingereza.

Saa moja jioni mama mmoja alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wake wa pili, msichana, mzima. Daktari aliyemfanyia upasuaji alimaliza, akaniachia maagizo ya kumwangalia, akaenda kupumzika kidogo. Saa tano usiku nilipompima, mapigo ya moyo yalikuwa 104 na presha 110 kwa 70. Nikaandika kwenye faili kwamba hali ni ya kuridhisha. Saa saba mapigo yalikuwa 118, presha 105 kwa 65. Alikuwa na kiu, akijigeuzageuza kitandani, akisema tumbo linamuuma. Bandeji ilikuwa kavu. Damu ya njia ya kawaida ilikuwa kidogo. Nikajiambia ni maumivu ya kidonda, nikampa dawa ya maumivu na kuongeza dripu.

Mkunga wa zamu alikuwa mama wa makamo aliyezalisha wanawake kabla mimi sijajua kusoma. Alisimama kando ya kitanda, akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kinyarwanda, taratibu, kwamba mgonjwa huyu hampendezi, na je, nisingempigia mkubwa wangu simu? Nikamjibu, "Mama, tumpe nusu saa, tuone."

Nusu saa ikawa saa mbili na nusu. Saa tisa na nusu usiku mapigo yalikuwa 140, presha 80 kwa 50, tumbo limejaa, mdomo mweupe. Hapo ndipo nilipopiga simu. Daktari alifika kwa dakika zisizozidi kumi na tano. Wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakakuta tumbo limejaa damu, mshipa mmoja karibu na mfuko wa uzazi ukivuja. Walijaribu kuuokoa mfuko, haikuwezekana. Walimtia chupa nne za damu. Alhamdulillahi aliishi. Lakini aliamka akiwa hana kizazi tena, na alikuwa hajafika miaka thelathini.

Asubuhi daktari yule hakunifokea. Alichukua faili, akaweka kidole kwenye namba ya saa saba, akasema: "Hii 118 ilikuwa inakuita." Kisha akarudi kwenye ile ya saa tano, akanifanyisha hesabu ambayo nilikuwa nimeifanyia mtihani na kuifaulu. Gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu. Kwa mama aliyetoka kujifungua, jibu likifika 0.9 au kupita, shtuka. Mia na nne kwa mia na kumi ni 0.95. Mia kumi na nane kwa mia na tano ni 1.12. Mwili wa mjamzito huwa umeongeza damu karibu nusu ya kawaida yake, kwa hiyo mama kijana anaweza kupoteza damu nyingi na presha yake bado ikasimama, ikikudanganya, mpaka inapoporomoka kwa mara moja. Mapigo hayadanganyi hivyo. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu kwenye daftari.

Mnauliza, kwa nini basi hukupiga simu? Nitawaambia ukweli. Siku mbili kabla ya hapo nilimpigia mkubwa mwingine saa nane usiku kwa jambo ambalo halikuwa kubwa, na kesho yake kwenye kikao cha asubuhi aliniuliza mbele ya watu wote nimesoma udaktari kwa miaka mingapi. Watu walicheka. Mimi ni mtoto wa fundi magari wa Nyamirambo, daktari wa kwanza katika ukoo wetu, na siku ile nilihisi kicheko kile kinafika mpaka kwa baba yangu chini ya gari. Nikaapa moyoni kwamba sitampa mtu tena nafasi ya kuniuliza hivyo. Kwa hiyo usiku ule, kati ya saa saba na saa tisa na nusu, nilikuwa nauguza heshima yangu.

Kwa Sheikh

Kwa wiki kadhaa sikuwa nalala vizuri. Baba aliona, akaniuliza, nikamwambia. Hakusema kitu siku hiyo. Jumamosi baada ya Alasiri akanichukua tukaenda pamoja kwa sheikh anayemsomesha fiqhi, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, nikamuuliza swali moja: je, mimi nina dhamana mbele ya Allah kwa kizazi cha mama yule?

Sheikh hakuniharakisha. Aliniuliza kwanza kama nilikuwa na ruhusa ya kazi ile, na ruhusa ya nani. Kisha akaniuliza mpaka wa ruhusa hiyo ulikuwa wapi. Nikamwambia: daktari wa mafunzo anamwangalia mgonjwa, na akiona jambo lisilo la kawaida anamwita aliye juu yake. Akasema, "Binti yangu, jibu lako limo humo humo, lakini twende taratibu."

Alianza na Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kutoka kwa Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Maana yake ni kwamba mtu anayejitia kutibu naye hakujulikana kuwa na elimu ya tiba kabla ya hapo, basi yeye ni mwenye dhamana, yaani madhara yanayotokea yanamrudia na atalipa. Wanazuoni wameizungumza isnadi yake, lakini hukumu iliyomo wameifanyia kazi. Al-Khattabi amesema hajui hitilafu kwamba mtibu akivuka mpaka, mgonjwa akadhurika, basi analipa.

Kisha akatoa Zad al-Maad ya Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, akanionyesha alivyowagawa matabibu katika suala hili mafungu matano. Naomba mtulie hapa, kwa sababu wengi wetu tunaijua Hadithi na hatujui ufafanuzi wake.

Tabibu stadi, aliyeruhusiwa, akaipa fani yake haki yake na mkono wake haukuvuka mpaka, kisha kiungo au uhai ukapotea: huyo hana dhamana kwa makubaliano ya wanazuoni. Ndugu zangu mnaoogopa kuingia fani hii kwa hofu ya wafu, anzeni na fungu hili. Mgonjwa wako atakufa nawe hukukosea, na sheria ya Allah haikufanyi muuaji.

Fungu la pili ni jahili aliyeshika mgonjwa. Hapa Ibn al-Qayyim ana nukta nzito sana kwa wanafunzi. Anasema, ikiwa mgonjwa alijua kwamba huyu si mjuzi, na bado akamruhusu, basi hakuna dhamana. Lakini ikiwa mgonjwa alidhani kwamba huyu ni tabibu, na akamruhusu kwa dhana hiyo, basi jahili huyo analipa. Sasa jitazame wodini. Una koti jeupe, una kipimo cha kusikilizia moyo shingoni, na bibi aliyetoka Bugesera na kadi yake ya mituweli mkononi anakuita muganga. Amekudhania. Kama hukumwambia kwamba wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, umeichukua ruhusa yake kwa sura usiyokuwa nayo. Maneno yenyewe kwa Kinyarwanda hayazidi sekunde tano, na kwa uzoefu wangu ni wachache sana wanaokataa. Wengi hufurahi, wakakuombea dua ufaulu.

Fungu la tatu ni stadi aliyeruhusiwa lakini mkono wake ukateleza ukagusa kilicho kizima. Huyu analipa, kwa sababu kosa la mkono ni kosa hata likiwa bila kusudi. Likifika theluthi ya dia au zaidi, wanaobeba ni aqila wake, yaani jamaa zake wanaosaidiana naye. Sheikh alitabasamu hapo, akauliza kama sisi tuna aqila siku hizi. Nikamwambia Rwanda ina sheria ya mwaka 2013 ya bima ya dhima ya wataalamu wa afya. Akasema si kitu kimoja, lakini anayeifahamu moja hatashangazwa na nyingine. Fungu la nne ni stadi aliyejitahidi kuamua dawa akakosea, na hapo kuna kauli mbili za nani alipe, hazina ya Waislamu au aqila. La tano ni stadi aliyetibu bila ruhusa ya mgonjwa wala walii wake. Hilo lina maneno marefu, nitaliacha.

"Sasa wewe," akasema sheikh, "mkono wako haukuteleza, na wewe si jahili. Lakini ulipewa ruhusa yenye mpaka, na mpaka wenyewe ni kumwita mjuzi unapofika pale usipopajua. Ulipofika pale ukabaki peke yako, hukuwa tena ndani ya ruhusa. Kama kuchelewa kule ndiko kulikoleta madhara, hilo silijui mimi. Hilo waulize wenye fani yako, kwa sababu katika mambo haya fiqhi hulisubiri neno la wajuzi wa fani. Wakikwambia, rudi."

Nilirudi idarani. Kesi ile ilijadiliwa kama kesi zinavyojadiliwa. Jibu lao: inawezekana kizazi kingeokolewa kama angerudishwa mapema, na hawawezi kusema kwa yakini. Nilitaka wanitie hatiani au waniachie. Hawakufanya lolote kati ya hayo.

Dawa ya kutojua

Kuna tukio lingine ambalo sheikh alinipa nikalisome nyumbani, nalo liko katika Sunan Abu Dawud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani akapasuka. Kisha akaota, ikamlazimu janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema maneno makali: kwamba wamemuua, na kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani hakika tiba ya kutojua ni kuuliza.

Watazameni wenzake wale. Walikuwa watu wema, na walikuwa wanailinda dini kwa fahamu yao. Lawama iliwafikia kwa sababu walifika mahali wasipopajua, wakajibu kama wanapajua, na kulikuwa na wa kuulizwa. Kwangu mimi hilo ndilo tukio la usiku ule, isipokuwa wao hawakuwa na simu mfukoni.

Na msidhani somo hili linaanza siku ya kuhitimu. Mnaoishi Biryogo, Nyamirambo, Gikondo, mnajua ninachokisema. Kijana akiingia tu mwaka wa pili, mtaa mzima unamwita daktari. Shangazi anapiga simu: nina vidonge hivi vimebaki vya mjomba wako, nimeze? Jirani anakuletea picha ya kipimo kwenye WhatsApp. Unaona haya kusema hujui, kwa sababu baba yako amekaa hapo anakusikiliza kwa fahari, basi unataja dawa uliyoisikia darasani juzi. Hiyo ndiyo Hadithi ya dhamana yenyewe, haina tofauti. Aliyekuuliza hajui mpaka wako, wewe unaujua. Mwambie shangazi aende kituo cha afya, na kama unaweza, mpeleke. Kumpeleka ni thawabu na hakuna dhamana.

Mzee wa Baghdad

Waislamu walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mtu mmoja Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu yeyote mpaka apimwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit. Waliopimwa walipita 860, bila kuhesabu mabingwa waliokuwa wanajulikana. Katika vitabu vya wasifu wa matabibu kuna kisa cha mzee mmoja mwenye haiba aliyeingia kwa Sinan, akaweka dinari mbele yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia inayokula kwa kazi hiyo. Sinan akacheka, akamwacha aendelee kwa sharti: asimshambulie mgonjwa kwa asichokijua, wala asiamuru kuumika wala dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo kanuni yake tangu zamani. Hajawahi kuvuka vinywaji vya asali na siki na vya sukari.

Nilipokisoma nilicheka, kisha nikakasirika kidogo, maana mtihani ule ulikuwa na hongo mezani. Lakini nakirudia kwenu kwa sababu moja. Mzee yule hakujua kusoma, na alijua mpaka wake kuliko mimi niliyekuwa na shahada.

Hali yetu hapa

Kuna mambo ya nchi yetu yanayofanya kuuliza kuwe kugumu, na si haki kumtwika mwanafunzi peke yake. Udaktari ulianza kufundishwa Butare, katika Chuo Kikuu cha Taifa kilichofunguliwa 1963, kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali iliamua kuhamia Kiingereza. Mwaka 2013 vyuo vya umma vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Matokeo yake wodini ni kwamba mwalimu alisoma kwa Kifaransa, faili linaandikwa kwa Kiingereza, mgonjwa anaeleza kwa Kinyarwanda, na sisi wa Nyamirambo tunahesabu moyoni kwa Kiswahili. Mara ngapi mwanafunzi amenyamaza, anajua jambo, ila sentensi ya Kiingereza haijatengemaa kichwani? Huko nako ni kunyamaza kunakoweza kuua. Semeni kwa lugha yoyote itakayofika.

La pili ni idadi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchi ilibaki na madaktari wachache mno, na pengo lile bado tunalifukia. Mpango wa Wizara ya Afya ulioanza 2023, unaoitwa 4x4, unalenga kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Ni jambo la kheri. Lakini maana yake kwenu ni kwamba kitanda kimoja kitazungukwa na wanafunzi wengi zaidi, na daktari bingwa wa kupigiwa simu usiku hazalishwi kwa miaka minne. Atakuwa amechoka. Atajibu kwa ukali. Mpigieni.

Na bila shaka mnaikumbuka Marburg. Ilitangazwa tarehe 27 Septemba 2024, ikatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba: watu 66 waliougua, 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, wenzetu hasa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza mafunzo, niko hospitali ya wilaya. Kwa wiki mbili watu walizuiwa kuwatembelea wagonjwa, na ile Sunna ya kumzuru mgonjwa tuliitimiza kwa simu. Dalili za mwanzo za ugonjwa ule ni homa, kichwa, misuli kuuma, kutapika. Kila mmoja wetu ameshaona dalili hizo mara elfu akasema malaria, na mara nyingi akapatia. Tangu hapo nimezoea kuandika alama ya kuuliza mbele ya neno malaria mpaka kipimo kirudi, na kuvaa glavu kabla ya kuhukumu.

Namna ya kupiga simu

Hili sikufundishwa, nimelijenga kwa makosa. Gade inapoanza, kabla mkubwa wako hajalala, mwulize uso kwa uso: nikuamshe kwa mambo gani? Atakutajia, na kwa kukutajia amekupa ruhusa; saa nane usiku hutakuwa unambahatisha. Andika namba zake kwenye karatasi.

Unapopiga, sentensi ya kwanza ibebe shida. Usianze na historia ya ujauzito wa kwanza. Sema wewe ni nani, uko wodi gani, mgonjwa ni nani, na unachohofia: "Mama aliyepasuliwa saa moja, nahofia anavuja damu ndani." Kisha toa namba pamoja na saa zake, maana namba moja haisemi kitu, mwendo wake ndio unaosema. Kisha ulichofanya. Kisha unachotaka, kwa uwazi: naomba uje. Aliyeamshwa ghafla hafahamu mafumbo. Andika kwenye faili saa uliyopiga na ulichojibiwa. Asipopokea, piga kwa wa juu yake. Hakuna adabu inayomtaka mgonjwa asubiri mpaka simu ya mtu ipate chaji.

Na mkunga au muuguzi mzoefu akikwambia mgonjwa hampendezi, hesabu hilo kama kipimo kilichorudi na majibu mabaya.

Kwa wenzangu tuliokwisha kuwa wakubwa, neno moja. Mwezi uliopita daktari wa mafunzo aliniamsha saa tisa usiku kwa dozi ya mtoto aliyokuwa ameihesabu sawasawa. Nilisikia ulimi wangu unakwenda kumuuliza amesoma miaka mingapi. Nilinyamaza muda mrefu kiasi kwamba alidhani simu imekatika. Nikamwambia hesabu yako iko sawa, ukimaliza nipigie unieleze mtoto anaendeleaje. Hakupiga. Nilimpigia mimi, kwa sababu usingizi ulikuwa umeshaondoka.

Mama yule

Niliporudi kwa sheikh na jibu la idara, alisema dhamana ya mali haiwezi kusimama juu ya huenda, lakini haki ya mama yule ya kuambiwa kilichotokea haihitaji yakini hiyo, na kwamba toba baina yangu na Allah haifuti kilicho baina yangu na mja wake. Mwenye haki aombwe na mwenye haki.

Nilimwomba mkuu wa wodi ruhusa. Alisitasita, kisha akakubali awepo na yeye. Mama alikuja kliniki, mtoto mgongoni, siku ya chanjo. Mkuu alimweleza mambo ya upasuaji kwa lugha nyepesi. Kisha nikasema yangu: kwamba mimi ndiye niliyekuwa gade, kwamba saa saba nilipaswa kumwita mkubwa wangu na sikumwita, na kwamba namwomba radhi.

Aliniangalia. Akauliza, "Kwa nini hukumwita?"

Nikamwambia niliogopa kuonekana sijui.

Alikaa kimya. Alimshusha mtoto mgongoni, akamlaza mapajani, akamfunga upya kofia yake ya sufi. Kisha akaniuliza kama chanjo inayofuata ni ya wiki ya kumi au ya kumi na nne, kwa sababu kadi ilikuwa imelowa mvua na hawezi kuisoma. Niliisoma. Ilikuwa ya kumi. Nikaiandika upya kwenye kadi safi, nikampa, akaondoka. Hakusema amenisamehe na sikumuuliza mara ya pili. Jina lake nalitaja katika dua baada ya kila Swala ya Ishai.

Wallahu aalam.